Taa ya Kuonea, Taa ya Kuonwa

Kila mwaka, ifikapo Novemba, miji mitatu ya wilaya ya Sevier, mashariki ya jimbo la Tennessee nchini Marekani, huvishwa taa. Sevierville, Pigeon Forge na Gatlinburg imejipanga kwenye barabara moja inayoelekea lango la Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, na barabara hiyo, tangu baridi inapoanza hadi Februari, hugeuka mto wa mwanga. Kuna dubu wa taa na kulungu wa taa. Kuna chembe za theluji zilizofumwa kwa balbu na kutundikwa kwenye nguzo, na miti iliyozungushiwa nyaya tangu shinani hadi kileleni. Desturi hii ilianza mwaka 1990, na kusudi lake halikufichwa. Milima ile ilikuwa na wageni tele majira ya joto na wakati majani yanapobadilika rangi, lakini baridi ikiingia hoteli zilibaki na vyumba vitupu. Taa zikatundikwa ili ziwaite watu, na watu wakaitika. Leo yapo mabasi ya mji yaliyoundwa kwa sura ya magari ya reli ya zamani, ambayo huwazungusha wageni usiku ili watazame taa na kurudi walikotoka.

Miongoni mwa wanaoitika wamo wasemaji wa Kiswahili. Familia za Wakongomani, Warundi, Watanzania na Wakenya wanaoishi katika miji ya kusini mwa Marekani huwapakia watoto garini wakati wa likizo ya Krismasi, Wakristo kwa Waislamu, na kupanda milimani kwenda kushangaa. Picha hutumwa Kigoma na Mombasa usiku uleule. Swali ninalotaka kulijadili ni la kale, ila taa hizi zinalileta katika sura iliyo rahisi kuishika. Je, mtu anayeufurahia uzuri ana deni lolote kwa yale yaliyouwezesha uzuri huo, na kwa yale ambayo uzuri huo unayafunika? Au furaha ya macho ni kama maji ya mvua, humwagikia kila mtu bila hati wala risiti?

Liko jibu moja jepesi ambalo afadhali liondolewe njiani mapema. Ni jibu la msomi anayebeza. Humtazama dubu wa balbu, akasema kwamba huo ni uzuri wa sokoni, na kwamba mwenye akili angeitazama milima yenyewe. Dharau hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria. Mti wa kwanza wa Krismasi kupambwa kwa taa za umeme ulikuwa wa nyumba ya mtu mwenye nafasi jijini New York, mwaka 1882. Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliuzungushia balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu. Kwa miaka mingi baadaye taa za namna hiyo zilikuwa starehe ya wenye nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, takriban shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani ndilo lililokuwa na umeme, na mabonde ya milima ya Appalachia yalikuwa miongoni mwa yaliyosahauliwa. Bibi aliyezaliwa huko wakati ule alishona na kusoma kwa taa ya mafuta, kama walivyofanya bibi zetu wa Tabora na Bukavu. Mjukuu wake akisimama leo chini ya balbu zisizo na idadi na kuona raha, raha hiyo ina ukoo. Kasoro ya pili ni ya kimaadili. Anayebeza furaha ya mtu aliyeshinda mwaka mzima akipakia maboksi ghalani hajautetea ukweli wowote. Amekitetea kiti chake mwenyewe.

Basi furaha tuiheshimu kwanza, ndipo tuihoji. Na katika kuihoji, lugha yetu inatupa chombo kizuri. Kiswahili hukiambatisha kitenzi na jinsi mtu anavyohusiana na tendo. Kutokana na kuona twapata kuonwa, yaani kuwa mbele ya macho ya wengine, na twapata pia kuonea, yaani kuona kwa msaada wa kitu: miwani ya kuonea, taa ya kuonea. Kibatari kilichowekwa mezani ni taa ya kuonea. Hakuna anayeketi kukitazama, maana kila mtu hutazama daftari, sindano, sahani au uso wa mgonjwa. Taa za Pigeon Forge ni kinyume chake. Ukiondoa balbu zote usiku huo, hakuna kitu ambacho mgeni angeshindwa kukitafuta, kwa sababu hakuja kutafuta kitu chochote kwa mwanga wake. Alikuja kuutazama mwanga. Hizo ni taa za kuonwa.

Lakini msomaji ameshakumbuka kwamba kuonea kuna maana nyingine, tena ndiyo inayosikika zaidi mitaani: kumdhulumu mnyonge. Mkubwa humwonea mdogo. Sidai kwamba maana hizi mbili zina chimbuko moja la kifalsafa, kwani neno halibebi hoja kwa sababu tu limefanana na jingine. Hata hivyo, kukaa kwao katika nyumba moja kunatuonya. Taa inayotusaidia kuona na tendo la kumwonea mtu huenda zisiwe mbali kama tunavyodhani. Lililo muhimu ni kuuliza, kila mwanga unapowaka, nani anaona, nani anaonwa, na nani anaonewa.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika Mishkat al-Anwar alianza kwa kulichunguza neno nuru. Mishkat ni kile kidaka cha ukutani ambamo taa huwekwa, kitu ambacho aliyekulia katika nyumba za mawe za Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa. Al-Ghazali anasema kwamba watu wa kawaida huita nuru kile kinachoonekana chenyewe na kuvifanya vingine vionekane. Kisha anapiga hatua. Jicho, asema, lina haki zaidi ya kuitwa nuru kuliko taa, kwa sababu taa haioni. Na akili ina haki zaidi kuliko jicho, kwa sababu jicho haliwezi kuona kilicho nyuma ya pazia. Sina haja hapa ya kumfuata hadi kileleni mwa ngazi yake, ambako nuru ya kweli ni ya Mungu peke yake. Inatosha kushika hatua hizo za chini. Kwa kipimo chake, taa ya kuonwa tu ni nuru nusu. Inaonekana yenyewe, ila haivifanyi vingine vionekane. Nusu iliyobaki lazima iletwe na mtazamaji, kwa jicho lake na kwa akili yake.

Hapo mtu atasema: basi hata pambo ni nusu, hata mkufu shingoni. Ni kweli, na pambo si dhambi. Bibi harusi hupambwa, nyumba ya sherehe hupambwa, na hakuna mwenye busara anayelalamika. Lakini angalia kazi ya pambo katika harusi. Hina, kikuba na dhahabu havikuwekwa ili tumsahau bibi harusi. Vimewekwa ili tumtazame zaidi, kwamba leo ni siku yake. Pambo jema lina mwenyewe, nalo hulielekeza jicho kwa mwenyewe. Swali la taa za milimani linakuwa hili: mwenyewe ni nani? Zinampamba nani?

Immanuel Kant, katika kitabu chake kuhusu uwezo wa kuamua cha mwaka 1790, ana mfano unaokaribia jambo hili. Mwenye nyumba ya wageni, asema, ili kuwafurahisha wageni waliokuja kupumzika shamba, alimficha kijana kichakani ampulizie unyasi na kuiga sauti ya ndege aimbaye usiku. Wageni walifurahi mpaka walipogundua hila. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuivumilia sauti ileile iliyomliwaza. Kwa Kant, hilo laonyesha kwamba tunachokipenda katika uzuri wa asili si umbo tu, bali kujua kwamba ni asili yenyewe inayosema nasi. Wako wanaotumia mfano wa namna hii kuzihukumu taa za kitalii kuwa ni udanganyifu. Mimi naona hukumu hiyo haishiki. Dubu wa balbu hamdanganyi mtu, hata mtoto wa miaka mitatu. Taa hizi ni kweli kabisa kuhusu jambo moja, kwamba zimetengenezwa. Kama zina kosa, kosa lake haliko katika kusema uongo. Liko katika yale yanayosahaulika wakati macho yameshughulishwa.

Tuyataje machache. Milima hiyo huitwa ya Moshi kwa sababu ya utusitusi wa buluu unaotanda juu yake, unaotokana na mvuke na gesi zinazotolewa na misitu yenyewe. Kabla ya jina hilo la Kiingereza ilikuwa na majina ya Wacherokee, wenyeji wake. Mwaka 1830 Marekani ilipitisha sheria ya kuwaondoa watu wa asili mashariki ya mto Mississippi, na mwaka 1838 askari wakawakusanya Wacherokee na kuwapeleka magharibi. Yakadiriwa kwamba watu wapatao 4,000 walikufa kutokana na safari hiyo. Wachache walisalia, na wazao wao wanaishi hadi leo upande wa North Carolina, mpakani mwa hifadhi.

Karne moja baadaye zamu ikawafikia wakulima Wazungu waliokuja kukaa mahali pa Wacherokee. Hifadhi ilianzishwa rasmi mwaka 1934, na Rais Franklin Roosevelt akaizindua mwaka 1940. Ardhi yake ilinunuliwa kutoka kwa kampuni za mbao na kutoka kwa mamia ya familia zenye mashamba madogo. Baadhi waliuza kwa hiari. Wengine walikwenda mahakamani na kushindwa, na wachache waliruhusiwa kubaki mpaka kufa kwao. Leo nyumba zao za magogo katika bonde la Cades Cove zimehifadhiwa vizuri sana, na watalii huzipiga picha. Nyumba zimebaki kwa sababu wenyewe wameondoka.

Upande wa pili wa mgongo wa milima, vita vikuu vya pili vilileta mlango mwingine wa hadithi. Shirika la umma la umeme la bonde la Tennessee, TVA, lililoundwa mwaka 1933, lilijenga bwawa la Fontana kati ya 1942 na 1944, kwa haja ya umeme wa viwanda vya vita. Maji yalipopanda yalifunika barabara iliyounganisha vijiji vya ukingo wa kaskazini, na ardhi iliyobaki juu ya maji ikaingizwa katika hifadhi. Makaburi ya familia zaidi ya ishirini yakabaki ng'ambo. Mwaka 1943 serikali iliahidi kwa mkataba kujenga barabara mpya. Ilijenga maili chache na handaki moja, kazi ikasimama, na mwaka 2010 yakafikiwa makubaliano ya kulipa wilaya ya Swain dola milioni 52 badala ya barabara. Mpaka leo wazao huvushwa kwa mashua, siku zilizopangwa, kwenda kufagia makaburi na kuyawekea maua.

Kiswahili kina neno moja kwa safari hizi zote. Tunasema ziara ya kitalii, na tunasema ziara ya makaburi. Tunazuru miji, na tunazuru wafu. Neno hili lilipotua kwetu kutoka Kiarabu lilibeba uzito wa adabu. Anayezuru huenda kwa mwenyeji, akampa salamu, akatambua kwamba amefika mahali pa mtu. Wazao wa Fontana wanaopanda mashua wanazuru. Anayepanda basi la kutazama taa na kurudi bila kujua alipita mahali pa nani, amezunguka tu. Tofauti ya watu hawa wawili haimo katika ukubwa wa furaha zao, imo katika swali la mwenyeji.

Na umeme wenyewe je? Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Katika wilaya hiyohiyo ya Sevier lipo bwawa la Douglas, lililojengwa kwa haraka ya ajabu tangu mwanzo wa 1942 hadi mwanzo wa 1943, na kuzamisha mashamba ya bondeni yaliyokuwa na rutuba. TVA ndiyo iliyoutoa umaskini wa giza katika mabonde hayo, na ndiyo pia iliyohamisha maelfu ya watu ili kufanya hivyo. Siku hizi umeme wake hutoka zaidi kwenye nyuklia na gesi, na sehemu kwenye makaa ya mawe. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008, siku tatu kabla ya Krismasi, ukingo wa dimbwi la majivu ya makaa ulipasuka katika kituo chake cha Kingston, magharibi ya Knoxville, na tope likafunika nyumba na mto. Sisemi kwamba taa za Krismasi ndizo zilizopasua ukingo ule. Taa za LED za siku hizi hutumia umeme kidogo, na jiko la mgeni hula zaidi. Nasema tu kwamba kila mwanga una mahali ulikotoka, na mahali hapo pana watu.

Watu wengine wako karibu zaidi, hatua chache kutoka kwenye taa: wanaopanda ngazi kuzifunga mwezi wa Oktoba, wanaotandika vitanda, wanaoosha vyombo katika mikahawa ya chapati za asubuhi. Katika maeneo ya kitalii ya namna hii nyumba hugeuzwa za kukodisha kwa usiku mmoja mmoja, kodi hupanda, na anayesafisha chumba cha kutazamia milima hulala mbali nayo au katika moteli ya kulipia kwa wiki. Baadhi ya wasomaji wa insha hii wamefanya kazi hizo, katika mji huu au mwingine. Wanajua kwamba mtu aweza kuwa chini ya mwanga mkali kabisa na asionwe.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimezionea taa zenyewe. Kuna usiku mmoja unaozitetea. Tarehe 28 Novemba 2016, baada ya ukame mrefu, upepo mkali uliuchukua moto uliokuwa ukiwaka hifadhini kwa siku kadhaa na kuushusha Gatlinburg. Watu 14 walikufa, na majengo yapatayo 2,500 yaliungua au kuharibika. Taa za sikukuu zilikuwa tayari zimetundikwa. Mji ulipofunguliwa tena mwezi wa Desemba, swali la kuziwasha halikuwa la pambo tena. Kuziwasha kulimaanisha kwamba mji upo, kwamba aliyepoteza nyumba bado ana kazi ya kurudia. Hapo balbu ilifanya kazi ya kibatari: ilikuwa taa ya kuonea, kwa sababu kila aliyeitazama alijua inaangaza nini. Balbu zilikuwa zilezile za Oktoba. Kilichobadilika ni kile walichokijua waliozitazama.

Mwanga wa namna nyingine hupatikana katika milima hiyohiyo, maili chache tu kutoka Gatlinburg, mahali paitwapo Elkmont. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, vimulimuli wa aina moja, ambao wanasayansi huwaita Photinus carolinus, huwaka na kuzimika kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, kana kwamba msitu mzima unavuta pumzi. Familia zilizokuwa na nyumba za mapumziko huko zilikuwa zikiwatazama vizazi na vizazi. Wanasayansi wengi waliamini kwamba jambo hilo hutokea Asia tu, mpaka miaka ya 1990, ambapo Lynn Faust, aliyewatazama vimulimuli hao tangu utotoni, alipowaandikia watafiti na kuwaambia waje wajionee. Leo wanaotaka kuwaona ni wengi kiasi kwamba hifadhi huwachagua kwa kura.

Anayebahatika kuchaguliwa hupewa masharti. Azime taa. Akihitaji tochi, aifunike kwa kitu chekundu na kuielekeza chini. Asitoke njiani, asije akawakanyaga walio ardhini. Kisha asubiri. Mwanga wa kimulimuli ni maneno ya dume akimwita jike, na taa ya binadamu huyafuta maneno hayo kama kelele zinavyofuta mnong'ono. Basi katika milima ileile kuna ziara mbili za taa. Moja huongeza mwanga mpaka usiku usionekane, na nyingine humtaka mgeni aupunguze wake ili wa mwingine uonekane. Iris Murdoch aliandika jinsi mtu aliyejaa kinyongo anavyoweza kumwona mwewe mdogo akielea angani, na kwa dakika hiyo nafsi yake yenye jeraha ikaondoka njiani. Kutazama vizuri, kwake yeye, ni mazoezi ya maadili: kumpa mwingine nafasi ya kuwepo. Elkmont mazoezi hayo yamewekewa kanuni na walinzi.

Wala nisiipake Elkmont chumvi. Ilikuwa kambi ya wakata miti kabla ya kuwa mahali pa mapumziko ya wenye nafasi, na nyumba zile za vimulimuli zenyewe zimeshahamwa mikataba ilipokwisha. Hakuna bonde katika milima ile lisilo na aliyeondoka. Anayetafuta uzuri usio na deni atatembea mpaka achoke.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kulisikiliza hili kama habari ya wengine. Wazo la hifadhi tukufu isiyo na watu ndani limefika kwetu pia. Wamaasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959, na mjadala wa Ngorongoro na Msomera ungali moto. Na miongoni mwa familia zinazopanda Gatlinburg usiku wa Desemba wamo waliotoka Kivu na Burundi kwa miguu, wakalala miaka katika kambi ambako usiku ulikuwa giza tupu. Mtoto wao aliyezaliwa Marekani anapopiga kelele za furaha mbele ya kulungu wa balbu, mzazi ana haki kamili ya kufurahi naye bila kuhojiwa na mwalimu yeyote wa chuo kikuu. Aliyewahi kuhamishwa hahitaji kufundishwa uchungu wa kuhama.

Lakini ni yeye pia mwenye uwezo wa kufanya jambo ambalo wengine hawaliwezi. Anajua ardhi nzuri iliyo tupu ina maana gani. Akipita Cades Cove na kuona nyumba ya magogo yenye mlango wazi, atauliza kabla ya kuambiwa: walikwenda wapi? Swali hilo, likiulizwa mbele ya mtoto, haliharibu sikukuu. Linampa mtoto ile nusu ya nuru ambayo balbu haina. Deni ninalolizungumzia ni la namna hiyo. Halilipwi kwa majuto, wala kwa kukaa nyumbani, wala kwa kumwambia mtoto kwamba furaha yake ina damu. Hulipwa kwa kujua mahali ulipofurahia ni pa nani, kwa kumwachia bakshishi na salamu anayetandika kitanda, na kwa kuvuka mlima mchana mmoja mpaka mji wa Cherokee, ambako Wacherokee wenyewe wanasimulia habari zao katika jumba lao la makumbusho. Deni la aina hii halimalizi furaha, kama vile kumshukuru mwenyeji hakupunguzi utamu wa chakula.

Kilele kirefu kuliko vyote katika hifadhi hiyo, chenye urefu wa mita 2,025, kiliitwa kwa zaidi ya karne moja kwa jina la Thomas Clingman, mwanasiasa na jenerali wa jeshi lililopigania majimbo ya watumwa. Septemba 2024, kwa ombi la Wacherokee, kilirudishiwa jina lake la Kuwohi, mahali pa miforosadi. Hakuna balbu iliyoongezwa kule juu, na usiku wa Desemba kilele hicho hakionekani kutoka barabara ya taa. Lakini mzazi aweza kupunguza mwendo wa gari, akaonyesha kwa kidole upande wa kusini palipo giza, akamwambia mtoto jina hilo. Kisha waendelee kutazama taa.